Sikumzaa Baba Yangu

Nakumbuka, mwanangu, siku baba yangu mzazi aliponiamkia, "Shikamoo, mama," na mimi, kitoto cha darasa la tatu, nikaitikia "Marahaba" bila hata kutabasamu.

Usishangae. Kwetu Mgori mtoto wa kike akipewa jina la bibi yake, baba humwita mama. Mimi ni Raheli kwa kuwa mama yake baba aliitwa Raheli. Baba akirudi shamba ananitania, "Mama, umeshindaje?" Ni mzaha wa mapenzi tu, nyumba nyingi zinao. Shida ni kwamba mimi sikuuchukua kama mzaha. Nilipiga hesabu zangu mwenyewe: kama mimi ni mama yake baba, basi huyu mwanamke anayetwanga pale uani, mama yangu, ni mkamwana wangu. Na mkamwana si hutumwa?

Siku hiyo nikavuta kigoda cha bibi, nikajikalia, nikamwambia mama yangu aliyenizaa, "We mkamwana, mbona mtama haujatwangwa mpaka saa hizi? Kwenu walikufundisha uvivu?"

Lo! Mama akauachia mchi ndani ya kinu. Hakunipiga. Angenipiga ningepona. Alijifuta macho kwa ncha ya kanga, akachukua ndoo akaenda kisimani, na mpaka leo nikiukumbuka mgongo wake unavyokwenda, najisikia vibaya.

Bibi alikuwa kibarazani, kasikia yote. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, ana mguu mmoja mbovu. Akisali alimwita Mungu kwa Kinyaturu, Matunda, hata nilipojifunza Kiswahili shuleni nikadhani miaka yote hiyo bibi alikuwa anaomba mapera. Basi akaniita. "Kumbe siku hizi wewe ndiye mimi? Vizuri. Leo utapakua wewe."

Mwaka huo mvua ilikata uwele ukiwa ndio kwanza unachanua. Ugali ulikuwa mdogo, na watu wengi, maana shangazi alikuwa amehamia kwetu na watoto wake. Bibi akanikabidhi mwiko, akakaa pembeni. Nikaanza kwa madaha. Nikampa baba, nikampa shangazi, watoto wakanitolea macho nikawaongeza, mama nikamkatia pande kubwa kwa sababu roho ilinisuta. Kugeukia chungu, nimebaki mimi na ukoko.

Nikamtazama bibi, machozi yananilengalenga. Akasema, "Haya. Sasa umekuwa kama mimi. Ulidhani kuwa mimi ni kukaa kwenye kigoda?"

Ndipo nilipojua kwa nini kila siku bibi alikuwa anatuambia yeye anapenda ukoko. Akaubandua, akaumega, tukala wote wawili.

Nilidhani yale yameisha, mwanangu. Kuishi kwingi ni kuona mengi. Mwaka huu, wakati wa kupura alizeti, akaja mjukuu wangu Daudi kutoka Dar es Salaam, ambako ni fundi wa friji. Huyu Daudi ana jina la marehemu mume wangu, mzee aliyeijenga nyumba hii ninayokaa. Kwa hiyo mwanangu Zakaria, ambaye ndiye baba yake, humwita "baba" tangu siku aliyozaliwa. Umenielewa? Maana mwenyewe nikieleza huwa napotea.

Asubuhi nikamwekea chai ya maziwa. Akaisogeza taratibu. "Bibi, nisamehe. Siku hizi sinywi majani ya chai. Nimebatizwa kwa Wamormoni, nao hawainywi."

Nilidhani ni kampuni iliyomwajiri, nikamwuliza kama mshahara wanatoa kwa wakati.

Zakaria hakucheka. Yeye ni mzee wa kanisa hapa kijijini, mtu wa kukaa benchi la mbele. Akamwuliza mwanawe hao watu wanafundisha nini. Na Daudi, ambaye uongo hajaujua tangu utotoni, akajibu moja kwa moja. "Tunafundishwa kwamba sisi ni watoto wa Mungu, baba, na si kwa kusema tu. Mtoto hukua akafanana na mzazi wake. Kwa neema ya Yesu, na kwa muda mrefu kuliko maisha haya, binadamu anaweza kuwa kama Mungu."

"Kama nani?"

"Kama Mungu."

Mwanangu, niliona mishipa ya shingo ya Zakaria ikisimama. "Hayo ndiyo maneno nyoka aliyomdanganya nayo Hawa! Chungu hakiwi mfinyanzi, hata ukipike miaka mia!"

"Sijasema tutamwondoa kwenye kiti chake," Daudi akasema, sauti ya upole lakini haitetereki. "Yeye atabaki Mungu wetu, na tutamwabudu siku zote. Lakini mzazi gani anazaa mtoto ili abaki mtoto? Na sisi wenyewe tunasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Sasa mtoto wa Mungu je?"

Hapo kichwa changu kikaanza kuzunguka. Zakaria akisema, namwona ana haki: mimi huyu, ninayesahau miwani ikiwa usoni, niwe kama aliyeumba jua? Daudi akisema, namwona naye ana haki: kama Mungu ni Baba kwelikweli, anatukuza tufike wapi? Nikawa kama kuku aliyemwagiwa mtama pande mbili, nakwenda huku narudi kule, sidonoi popote. Alasiri nikatoka kwenda kumwuliza jirani yangu Bi Mwajuma, ambaye ni Mwislamu na mtu wa busara. Hakuniacha hata nimalize. "Astaghfirullah, Mama Zakaria!" akasema, akabeba ungo wake akaingia ndani. Basi nikarudi na mzigo wangu uleule.

Nikawakuta baba na mwana wamesimama uani. Mkamwana wangu, mke wa Zakaria, analia jikoni. Zakaria ameshatoa hukumu: Daudi ayaache hayo mafundisho, la sivyo aondoke, asikanyage tena hapa, hata akisikia baba yake amekufa asije kumzika. Asije kumzika! Kwetu neno hilo halirudi mdomoni likishatoka. Daudi alikuwa ameshaleta begi lake, machozi yanamtiririka, na bado hataki kusema uongo ili abaki.

Zakaria akanyoosha kidole kuelekea njiani. "Toka nyumbani kwangu, baba!"

Neno likatoka lenyewe, kwa mazoea. Mimi nikacheka, Mungu anisamehe, nikacheka mpaka nikashika ukuta.

"Zakaria, unamfukuza nani? Baba yako? Kwenye nyumba aliyoijenga kwa mikono yake?"

"Mama, usinichanganye. Hilo ni jina tu."

"Jina tu? Mbona akikohoa chumba cha pili unainuka kitini, unadhani mzee kakuita?"

Akainamisha kichwa. Kweli jambo hilo humpata, na anajua nimemwona.

Nikamgeukia Daudi, maana nilimwona ameanza kuinua uso. "Na wewe usijione umeshinda. Hebu nitazame. Nimepewa jina la bibi yangu, nikachukua na ukali wake, na sasa hata mguu mbovu ni uleule. Wazee wa hapa wakiniona nachechemea wanasema Raheli amerudi. Nimekuwa kama yeye, sikatai. Lakini baba yangu sikumzaa mimi."

Daudi akauliza, "Sasa bibi, jibu ni lipi? Inawezekana au haiwezekani?"

"Sijui, mjukuu wangu."

Na nikuambie ukweli, mwanangu, bado sijui. Kuna siku nikisali nasikia Daudi amesema kweli, na kabla sijafika "Amina" nasikia Zakaria ndiye aliyesema kweli. Bibi yangu hakuniambia "huwezi kuwa mimi." Hakuniambia pia kwamba naweza. Alinipa mwiko tu.

Nikakumbuka hivyo, nikaingia jikoni, nikauchukua mwiko mkononi mwa mkamwana, nikampa Daudi. Chakula kilikuwa kimeiva, ugali wa mtama na kuku wa kienyeji. "Wewe si unataka kuwa kama Mungu? Tupakulie."

Akapakua. Alianza na baba yake, na firigisi, ambayo kwetu ni ya mkubwa wa nyumba, akaiweka juu ya sahani ya Zakaria kwa mikono miwili. Akanipa mimi, akampa mama yake, akawapa majirani waliokuja kupura alizeti na ambao walijifanya hawajasikia kitu. Mwisho akakaa chini na sufuria mapajani, anakwangua ukoko. Sikuwa nimemsimulia habari za ukoko hata siku moja.

Zakaria akaitazama ile firigisi muda mrefu. Kisha akainyanyua, akanyoosha mkono, akaiweka juu ya ukoko wa mwanawe.

"Kula, baba," akasema. Halafu akaongeza, "Lakini sijakubaliana na wewe."

"Najua, baba," Daudi akajibu, na begi likarudi ndani.

Basi mwanangu, sikiliza shauri la mtu asiyejua. Usimfungie mwenzako mlango kwa ajili ya neno ambalo nyote wawili hamjafika mwisho wake. Na wewe unayesema utapanda mpaka ufanane na aliye juu, anza na mwiko, kigoda hakikimbii. Mtu akikuambia anamfuata Mungu kwa karibu, usimwulize sana. Mpe chungu, umtazame anavyopakua, na ukitazame kilichobaki upande wake.

Matunda wa bibi yangu, Mungu wa Zakaria na wa Daudi, akupe mkono usiobana. Akufikishe pale alipokuandalia, ambapo mimi sipajui. Na siku ukibaki na ukoko, asikuache uule peke yako.