Maji Vuguvugu

Sebuleni siku ile tulikuwa watano. Alikuwepo mwenye nyumba, mwana wa marehemu, mtoto wake wa pekee, aliyezaliwa Nairobi akaletwa huku kwa Waingereza akiwa na miaka sita. Alikuwepo mke wake. Alikuwepo mama wa huyo mke, amekaa kwenye kiti kilicho karibu na hita, shali mabegani. Mimi nilikuwa jirani wa marehemu, mlango kwa mlango, ghorofa ya nne hapa Newtown, miaka kumi na mmoja. Wa tano ni mjukuu wangu, aliyenileta kwa gari. Hakutaka kuingia, nikamwambia nikiingia peke yangu Kiingereza chote kitanikimbia. Majina yao ninayo yote, hata ya utotoni, na la paka wao pia. Lakini mjukuu amenisihi nisiyaandike, nami nimekubali shingo upande.

Jambo lililotukutanisha ni moja. Siku ya kuuchoma mwili wa jirani yangu, kuhani wa Kihindu aitwe au asiitwe? Mwenyewe alikuwa amesema maisha yake yote kwamba asiitwe. Ila mwanawe alisikia neno hospitalini, na neno hilo lilikuwa halimpi usingizi.

Nirudi nyuma kidogo, maana bila habari ya kikombe hamtaelewa.

Nilipohamia hapa, binti yangu alikuwa akifanya kazi ya kutunza wazee, anatoka mapema na kurudi nimelala. Mchana kutwa nilikuwa nikisikiliza lifti. Siku ya tatu mlango wa pili ukafunguliwa, akatoka mama wa Kihindi mfupi, nywele nyeupe amezisuka mkia mmoja. Akaitazama leso yangu.

"Wewe toka Kenya? Kuja. Kunywa chai."

Hivyo tu, kama anaamuru. Kilikuwa Kiswahili cha jikoni, kile ambacho Wahindi wa Nairobi walijifunza kwa kuwaambia watu leta, weka, osha, toka. Nilikijua sana. Kabla sijaolewa nilikuwa yaya kwa Wahindi wengine, miaka tisa, na chai yangu niliinywea nje ya mlango wa nyuma, kwenye kikombe cha bati kilichokaa dirishani peke yake. Hakikuoshwa pamoja na vingine. Nikirudi likizoni nakikuta pale pale na vumbi lake.

Basi nikaingia, nikaketi, akaniletea chai. Kikombe cha chuma, hakina mkono, kimesimama ndani ya kibakuli cha chuma. Na nyuma yake, kwenye kabati la vioo, naona vikombe vizuri vyenye maua, seti nzima.

Nikasimama. Nikamwambia nimekumbuka dawa zangu. Chai sikuionja.

Wiki iliyofuata aliponiita tena, nilikwenda na kikombe changu ndani ya mkoba, chenye picha ya twiga. Nikakiweka mezani mbele yake.

"Ya nini?"

"Ya chai. Mimi sinywi tena kwenye kikombe cha mtumishi."

Akaenda jikoni, akarudi na vikombe vinne vya chuma, akavipanga mstari. "Hii ya mimi. Hii ya kijana yangu. Hii ya bwana yangu, yeye kufa. Hii," akagusa kile nilichokikataa, "ya mgeni. Mpya. Sisi kila mtu kunywa hii. Ile ya maua leta mama ya bibi ya kijana. Ya kutazama tu."

Kisha akacheka mpaka akashika meza. "Wewe kali sana."

Nami nikacheka, ingawa uso ulikuwa unaniwaka.

Ndiyo siku aliyonieleza habari ya kifuu. Kijijini kwao, kusini mwa India kwa Watamili, mkahawa ulikuwa na gilasi kwa watu wa matabaka ya juu. Watu wake walikuwa wa tabaka la chini, na chini huko ni kwa kuzaliwa, hupandi hata ukiwa na mali. Wao walinywea kifuu cha nazi kilichotundikwa msumarini nje, kila mtu akakiosha mwenyewe na kukirudisha. Hekaluni hawakuingia. Ukiuliza kwa nini, kuhani anakujibu kwamba ndivyo ulivyoandikiwa.

Halafu, yeye akiwa msichana, wakaja watu wa mashati meusi, waliokataa dini na matabaka. Walikuwa wakihutubia sokoni, lakini zaidi walikuwa wakiuliza. Nani alimwona Mungu akiandika? Mungu gani huyo anayeogopa kifuu? Baba yake aliwasikiliza wiki mbili, kisha akaenda mkahawani akaomba gilasi. Akapigwa. Kesho yake akarudi, akaomba tena.

Ndoa yake mwenyewe haikuwa na kuhani wala moto wa ibada. Walivishana mashada ya maua, wakatia sahihi kwenye daftari, na mtu akahutubia kuhusu usawa wa mke na mume. "Hotuba refu," akaniambia. "Wali baridi. Mama ya bwana yangu lia, yeye fikiri sisi hapana oa kweli."

Nikamwuliza, "Na mimi ninayesali kila siku, unanionaje?"

"Wewe sali. Kwisha sali, osha kikombe."

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Jumatano tulipanda basi pamoja hadi Soho Road kununua bamia na majani ya kuungia mchuzi, yeye akibishana na wauzaji kwa lugha tatu. Kiswahili chake hakikunyooka. Hiyo "ya" aliiweka kila mahali isipotakiwa, na penye kuitaka hakuiweka. Maji hakunywa ya baridi hata kiangazi. Alitaka ya vuguvugu, na alisema "maji vuguvugu" tu, kwa pumzi moja, kama jina la mtu.

Kuna siku moja, tunachambua dengu, akasema bila kuinua macho, "Nairobi, bwana yangu kuwa mwalimu, mimi alikuwa na mpishi. Mzee. Kikombe yake kwa dirisha."

Nikasogeza sinia, nimwone uso.

"Mimi kukuta pale. Mwenye nyumba weka. Mimi acha. Miaka saba. Mimi, mtu ya kifuu."

"Aliitwa nani?"

Akaokota kijiwe kwenye dengu, akakitupa. "Hapana jua. Mimi ita yeye mpishi."

Mimi ambaye watu wananipigia simu kutoka Nakuru kuniuliza jina la babu yao, jina la mzee yule sikuwa nalo. Nikainuka nikachemsha maji.

Alipolazwa nilikwenda kila siku. Nilisali kando ya kitanda chake, akafungua jicho moja. "Pole pole," akasema. "Mungu yako hapana kiziwi." Siku ya mwisho aliyozungumza, tulikuwa mwanawe na mimi, na nyuma ya pazia alikuwepo nesi, Mkenya mwenzangu, anayeniita shosho, yaani nyanya, akimhudumia mgonjwa wa pili. Mwanawe alikuwa akimsemesha Kitamili, lakini yeye alinitazama mimi. Akasema, "Lete maji vu," kikohozi kikamkata. Nilikuwa nimeshainuka kwenda kuchanganya maji ya moto na ya baridi. Niliporudi amelala, na hakuamka tena.

Mimi nilijua ameomba nini. Sikujua kwamba mwanawe amesikia kingine.

Sasa turudi sebuleni. Yule mama aliyekaa karibu na hita alizungumza Kiingereza cha taratibu, nami nilimwelewa vizuri kuliko nilivyotarajia. Alisema, "Ameomba majivu matakatifu kwa mdomo wake. Mtamnyima kwa sababu ya maneno ya ujana wake?"

Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyekuwa akileta chakula hospitalini kila mchana. Kwao ukimaliza ibada unapakwa majivu kwenye paji la uso, na aliamini kwamba mwenzake hatimaye ameyataka.

Mwana akanigeukia. Kiswahili chake ni cha mtoto wa miaka sita, kimebaki palepale. "Anti, wewe ulikuwa. Mama alisema majivu. Ile ya jiko. Alikuwa ananichapa nikicheza na majivu."

"Mwanangu, alisema maji vuguvugu. Kikohozi kilimkata."

"Kilimkata," yule mama akasema baada ya mjukuu wangu kumtafsiria. "Kwa hiyo huna hakika."

"Mama, ni mimi niliyekuwa nikimtilia maji hayo."

Mwana akainama. "Lakini si watu wanasema maji ya vuguvugu? Hakusema 'ya'."

"Mama yako aliwahi kuiweka hiyo 'ya' mahali pake?"

Akaniangalia, kisha kicheko kikamtoka ghafla, kama cha mama yake hasa, akishika meza. Kikageuka kilio. Mke wake akaenda akakaa karibu naye, akasema neno moja tu kwa mama yake, kwa Kitamili, sikulijua. Mwana akapangusa uso. "Basi. Kuhani hapana."

Yule mama akajifunga shali. "Nitamwombea nyumbani kwangu."

"Na mimi kwangu," nikamwambia. Akatabasamu kidogo.

Mazishi yalikwenda alivyotaka. Mwana aliweka shada la maua, akasoma karatasi moja, pazia likafungwa mbele ya jeneza. Hakuna aliyetaja Mungu. Sala ilinipanda mpaka kooni nikairudisha, mikono nimeikunja ndani ya mifuko ya koti. Sijawahi kumzika mtu kimya namna ile. Nilijiona nimemwacha njiani bila kumwambia kwaheri.

Kikombe kile cha mgeni nilipewa mimi. Mjukuu amehamia Longbridge, binti bado yuko kwenye zamu zake, na mlango wa pili wamekuja vijana wanaonisalimu kwa kichwa. Chai ninainywea humo. Chuma kinaunguza vidole; yeye alikuwa akikishika kwenye ukingo, mimi mpaka leo sijakiweza.

Na hapa niseme kweli. Nilisikia "maji" na nilisikia "vu". Kilichofuata, kama kilifuata, sikukisikia, maana mashine ya mgonjwa wa pili ililia. Nilisema vuguvugu kwa kuwa nilimjua. Lakini mimi ni mtu wa kusali, na kuna kipande changu kingefurahi kama aliomba majivu, na kipande hicho nilikinyamazisha siku ile mbele ya watu. Kuna asubuhi ninakaa na kikombe hiki nisijue kama nilimtetea au nilimzibia mdomo.

Wewe nesi uliyekuwa nyuma ya pazia, jina lako ninalo na la baba yako pia. Kama ulisikia vingine, njoo unisahihishe. Ghorofa ni ile ile na lifti inafanya kazi. Nanyi wengine mliokuwepo, kama nimekosea mahali pa kukaa watu sebuleni au maneno yao, niambieni nitarekebisha. Na kama yuko aliyewahi kumjua mzee aliyekuwa mpishi kwa mwalimu Mtamili pale Ngara, Nairobi, kikombe chake dirishani, naomba mahali nilipoandika mpishi aniambie niandike nani.