Siku ya Tisa, Kitovu Bado

Mudogo wetu wa kiume alizaliwa mzima, analia kama honi ya treni, na mimi nikaogopa palepale. Mbele yake wavulana wawili walizaliwa wazima vilevile. Wote walianza kutapika wakiwa na wiki moja, wakakauka, wakaenda. Majirani walisema ni mukosi.

Ukweli tuliupata kwa dada yangu. Mwili wake ulionyesha dalili tangu kuzaliwa, hakuumbwa kabisa kama wasichana wengine, munganga wa hospitali akamupima damu. Akaeleza kwamba Papa na Mama kila mmoja amerithi kasoro moja, imejificha, haimusumbui. Mutoto akizipata mbili, tezi zilizo juu ya mafigo yake hazitoi homoni ya kushika chumvi. Yote inatoka na mikojo. Na wavulana hawaonyeshi kitu kwa macho. Dada anakunywa vidonge kila siku na kuramba chumvi. Namuita mbuzi, ananirushia sandali.

Munganga alisema mutoto atakayefuata aletwe siku ya kwanza. Lakini kwetu mutoto hatoki nje kabla kitovu hakijaanguka, na mlinzi wa sheria hiyo ni kambo, mama wa Papa. Papa alikuwa mbali, mji wa Kabalo, kwa kazi yake ya treni, simu haipiti. Mama hawezi kumupinga mama mukwe. Basi kila asubuhi nilichungulia kile kitovu na kukiombea kianguke. Hata mutihani wa hesabu sijawahi kuuombea hivyo.

Siku ya tisa mutoto alitapika mara tatu. Kufika saa saba hakulia tena. Utosi ulibonyea. Mama alinielekezea kidevu upande wa kambo.

Sasa, kwetu mujukuu wa kiume ni bwana, yaani mume, ya kambo yake. Ni utani, lakini ndani yake unaweza kusema jambo ambalo hata Papa angekohoa kwanza. Cheo hicho nilikuwa nakitumia kuiba nyama. Nilisimama mbele yake.

“Bibi yangu, bwana ya hii nyumba ni mimi ama hapana?”

“Bwana gani, hata ndevu hauna.”

“Asiye na ndevu anasema mutoto anatoka sasa. Ukikataa nakuacha, nioe mwenye meno.”

Hakucheka. Aliugusa utosi wa mutoto.

“Wale wawili,” akasema, “niliwangojea kitovu vilevile.”

Akafungua kitenge chake cha juu, akamufunika mutoto kichwa, tukapanda pikipiki mbili mpaka hospitali.

Kwa sababu ugonjwa wa dada aliujua, munganga hakungoja majibu ya damu. Alimuchoma sindano ya ile homoni, akatundika chupa ya serumu, maji ya chumvi yaingie kwa mushipa. Nilimuuliza kwa mzaha kama anataka na damu yangu.

“Wewe unaweza kuwa umebeba kasoro moja, kama wazazi wako,” alisema. “Hautaisikia.”

Tulikaa kwenye benchi. Kambo aliniomba nimuchekeshe. Nilianza ile ya mbuzi anayeramba chumvi, nikaishia katikati.

Jioni, nyuma ya mlango, ilisikika sauti ndogo kama ya paka aliyefungiwa.

“Njo yeye, mutoto wetu?” kambo aliuliza.

Nilingoja alie tena, ndipo nikasema: njo yeye.