Mgonjwa Hajambo

Ni mimi niliyemwambia mama. Kwa zaidi ya miaka kumi niliapa mbele ya ukoo mzima kwamba aliambiwa na nesi, na nesi wa watu, Mkenya mpole, akabeba lawama bila kujua. Sasa nimefikia umri wa kutowaogopa makhalati, ndugu wa kike wa mama. Ni mimi, na ningerudia.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Kiingereza cha mama kilitosha kumshukuru dereva wa basi tu, kwa hiyo hospitalini mkalimani nilikuwa mimi. Daktari akaeleza kwa kirefu: saratani imeshakula ini, tiba haipo tena, tuhesabu wiki. Nami, mwenye shahada mbili na maoni makali juu ya kila kitu, nikamgeukia mama: "Anasema ule, upumzike."

Nyumbani kwetu Wembley, London, mgonjwa alikuwa hajambo. Hata akishindwa kugeuka kitandani, leo ni afadhali kuliko jana. Mlinzi wa desturi hiyo alikuwa khalati, mdogo wake mama, na binti yake akamwongezea silaha. Binti huyo alihudhuria semina ya fikra chanya huko Hounslow, akarudi na vikaratasi vya manjano alivyoviandika "Nimepona". Akavibandika kwenye kioo, kwenye friji, hata kwenye chupa ya dawa. Mama, bila miwani, alidhani ni saa za kumeza vidonge.

Ningecheka, lakini kaka yangu alikuwa Maskati. Kila akipiga simu khalati alimwambia mama hajambo, asihangaike, aje Idi. Idi ilikuwa bado miezi minne. Na kila siku mama aliuliza mwanawe anakuja lini, nami nikajibu inshallah, upone kwanza. Dua sikuzipinga, niliomba pia. Nilichochoka nacho ni kulitia jina la Mungu ndani ya uongo wangu.

Asubuhi moja nilikuwa namkata kucha.

"Yule daktari alisema mengi," akaniambia. "Weye ukanipa maneno matatu. Mengine umeyaweka wapi?"

Nikampa yote, pamoja na zile wiki. Hakulia. Aliuliza kama atapata maumivu, nikasema ipo dawa ya kuyatuliza. Kisha akaniagiza nibandue vile vikaratasi, vinamchafulia kioo.

Khalati akaingia na bakuli la uji, akaona kioo kitupu, akajua. Alisema nimemkatia mama tamaa, kwamba usomi umenikausha moyo. Nikamjibu kwamba aliyekata tamaa ni anayemwacha mtu asubiri Idi asiyoifikia. Akauliza nani kamwambia. Ushujaa wangu ukaishia hapo: nikasema nesi. Mama akafumba macho asije akacheka, kisha akaomba simu.

Nikakwangua kadi ya simu niliyoinunua Edgware Road, nikabonyeza namba ndefu za Maskati, nikamwekea sikioni. Nilimsikia kaka akimuuliza hujambo.

"Si hajambo huyu, mwanangu. Nakufa. Idi siifikii. Njoo nikuone."

Khalati alisimama na bakuli lake, uji ukipoa. Kaka akasema atapanda ndege kesho.

"Haya," mama akamwambia. "Na halua usisahau."