Mchungwa wa marehemu mzee uligeuka njano, na aliyekuwa anauua hagombezwi

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi. Naandika kutoka Masukulu, Rungwe, mvua inanyesha kama kawaida yetu. Haya yamenikuta mwenyewe, sijatia chumvi.

Marehemu mzee alituachia mchungwa mmoja nyuma ya jiko la kuni. Huku watu ni ndizi, chai na parachichi, mchungwa unaupanda kwa mapenzi tu. Tangu afariki, mama ameulea ule mti kuliko alivyotulea sisi.

Mwaka huu majani machanga yakaanza kutoka ya njano, mishipa tu ndiyo kijani. Ya zamani mazima. Maua yakapukutika.

Kaka yangu mkubwa, mtu wa parachichi kufa na kupona, akasema mti umekwisha. Jumamosi anakuja na shoka, hapo hapo anapanda mche wake.

 Mama aliingia jikoni akafunga mlango. Wakuu, niliogopa, maana mama yangu akijifungia ujue analia.

Nikaenda Tukuyu mjini na tawi mkononi. Muuza pembejeo akasema mti una upungufu wa madini ya chuma, akanipa chelate, dawa yenye chuma ya kupulizia majani. Akauliza shinani tunaweka nini. Nikajibu kwa kujiamini kabisa: hatuweki kitu.

Kesho yake asubuhi nasubiri mvua ikatike nipulizie, namwona mama katoka na ndoo ya majivu. Akayamwaga yote shinani, akayasawazisha kwa mkono taratibu.

Nikalitua chini bomba la kupulizia.

Kwetu majivu ni chakula cha migomba, na kweli inanenepa. Kumbe mama aliinyima migomba, kila siku anaupa mchungwa. Majivu yakizidi sehemu moja, udongo unapoteza uchachu wake. Chuma kipo, ila mizizi haiwezi kukichukua.

Sasa unaanzaje kumwambia? Nilizunguka banda la nguruwe weee. Mwisho nikasema migomba inadai majivu yake, mchungwa yanaudhuru.

Akanitazama. "Kwa hiyo baba yako namzika mara ya pili."

Nikashika jembe. Tukayakwangua majivu pamoja, tukaweka mboji, tukachimba mfereji maji yasituame. Mvua ilipokata nikapulizia.

Jumamosi kaka kaja kweli, shoka begani. Mama alikuwa amekaa pale pale shinani anamenya ndizi.

"Mgonjwa aliyelishwa vibaya hakatwi," akamwambia. "Anabadilishiwa chakula."

Kaka akaishia kunywa chai.

Nilirudia kupulizia. Majani ya njano mengine hayakupona, nisiwadanganye, ila machipukizi mapya yametoka kijani kibichi. Machungwa bado.

Funzo: kabla hujashika shoka, angalia mti unalishwa nini, hasa na anayeupenda.

Mama siku hizi majivu anapeleka migombani. Akipita kwenye mchungwa anaifunika ndoo kwa kanga, kama anamficha mtoto chakula alichokatazwa na daktari.

Wenye machungwa maeneo ya baridi, ninyi majivu mnamwaga wapi? Semeni, nitamsomea mama.