Siku Niliyosema "Funga"

Mimi ni mwoga wa maji tangu utotoni. Si mvua, wala maji ya kuoga; naogopa yale yaliyotulia, meusi, ambayo huoni chini yana nini. Basi nilifikaje kujitolea kila Jumamosi kwenye mfereji wa London uliochimbwa kabla babu wa babu yangu hajazaliwa? Ni kwa sababu ya Mama. Alipokuja kuishi nami mtaani Barking, alikaa kwenye kochi miezi mitatu akitazama ukuta wa jirani. Mtu mmoja kanisani akaniambia kuna boti inayotembeza wazee bure, mradi jamaa zao wasaidie kazi. Nikakubali. Nilidhani kazi yenyewe ni kuchemsha chai.

Kumbe ni matope. Tulitoa baiskeli, matairi, na jokofu zima lililokuwa bado na rafu zake. Miezi yote hiyo tulikuwa tunafufua loki ya zamani. Loki ni chumba cha mawe katikati ya mfereji, chenye milango mizito ya mbao huku na huku. Boti inaingia, milango inafungwa, maji yanapunguzwa taratibu, na boti inashuka nayo kama lifti mpaka ilingane na mfereji wa upande wa chini. Maji yanatoka kupitia vilango vidogo viwili vilivyo chini ya ile milango mikubwa ya upande wa chini, kimoja kushoto, kimoja kulia. Unavifungua na kuvifunga kwa kuzungusha mpini wa chuma unaochomekwa, kila mtu na wake. Mpaka leo sijui zamani walikuwa na subira ya namna gani.

Pale tulikuwa Waswahili wawili tu: mimi, na kaka mmoja wa Tanga aliyewahi kuwa utingo wa malori kabla ya kuja huku kutunza wagonjwa, kazi ninayofanya mimi pia. Tulikisema Kiswahili kwa raha zetu. Kiongozi wetu, Mwingereza mstaafu aliyeendesha treni maisha yake yote, hakulipenda jambo hilo, na si kwa ubaya. Alisema kwenye loki kila kazi ina neno lake moja, na sote tutumie hilo hilo, la Kiingereza. Na alisisitiza kwamba boti ikishuka kamba haifungwi kamwe. Unaizungusha kwenye kigingi, unaishika mkononi na kuilegeza kadiri maji yanavyokwenda chini. Tuliitikia kwa vichwa. Kisha nikamwambia kaka kwamba huyu mzee anatuona watoto wa nasari, tukacheka.

Jumamosi yenyewe tulipungukiwa na mtu mmoja. Wazee walikuwa wanane, Mama akiwa kwenye kiti cha mbele ndani ya boti, blanketi magotini. Kiongozi alishika usukani nyuma. Mimi nilisimama upande wa kulia, nikafungua kilango changu. Kaka, upande wa kushoto, alifungua chake, akaenda kushika kamba ya mbele. Kazi mbili, mtu mmoja.

Maji yalikuwa yameshuka kiasi cha mita moja nilipoona mkia wa boti unarudi nyuma. Nyuma kule, chini ya maji, kuna kizingiti cha mawe. Mkia ukikikalia, unabaki juu wakati maji yanaendelea kwenda, na boti inazama kwa mdomo wake wa mbele. Kiongozi alikuwa ameinama akimwokotea mzee mmoja bakora yake. Nilishikwa na hofu hata maneno ya Kiingereza yote yakanipotea.

"Funga! Kaka, funga!"

Nilimaanisha kilango chake. Lakini mkononi alikuwa na kamba. Akaifunga, mizunguko miwili na fundo, fundo la utingo lisilolegea njia nzima.

Kiongozi aliinuka, akaisukuma boti mbele kwa injini, na mkia ukakikwepa kizingiti. Nilipumua. Nikamaliza kufunga kilango changu, nikainua macho. Kile cha kaka kilikuwa bado wazi, maji yanatoka, na boti imening'inia kwenye kamba. Mdomo ulibaki juu, mkia ukaenda chini, boti nzima ikalala upande. Nilisikia vikombe vikivunjika ndani. Bibi mmoja alianza kuomba kwa sauti. Mama sikumsikia kabisa, na hilo ndilo lililonimaliza.

Juu ya milango kuna ubao wa kuvukia, mwembamba, na sikuwahi kuukanyaga tangu tuuweke. Nilivuka. Nilikuwa nalia, najua hilo kwa sababu sikuuona mpini vizuri nilipofika upande wa pili kukifunga kile kilango. Kiongozi alimpigia kelele kaka aache kuhangaika na fundo, akimbilie milango ya juu, afungue vilango vyake aingize maji. Alikimbia. Maji yalipanda polepole mno, boti ikanyooka, kamba ikalegea. Mama alitolewa akiwa mzima, blanketi limelowa chai.

Kiongozi aliuliza, kwa sauti ya chini, nini kilitokea.

Nilijibu kwamba kaka alifunga kamba. Ilikuwa kweli. Kaka alinitazama, akangoja niendelee, na mimi nikainama kumvisha Mama koti. Akasema sori. Kiongozi alimwomba arudishe mpini na asije kwa muda, mpaka watakapozungumza. Aliuweka chini kwa upole, akaondoka.

Kwenye basi la kurudi Barking nilikaa kando ya Mama, nikimfutia chai kwenye blanketi.

"Nilikusikia," Mama akasema.

Nikajua yamenifika. Nikaanza kueleza kwamba sikumaanisha kamba.

"Kamba gani?" akauliza. "Ulisema funga, nikafunga dirisha."

Akanieleza bila haraka. Dirisha la ubavuni pake lilikuwa wazi lote, anapunga upepo. Aliposikia sauti yangu alilivuta, akabana komeo, na boti ilipolala aliendelea kulishikilia kwa mikono miwili lisifunguke. Wenzake walimwambia aliachie, watokee hapo. Akawakatalia. Mwanangu yuko juu, aliwaambia, yeye ndiye anayeona.

Lilikuwa ndilo dirisha pekee la kupita mtu, kama boti ingezama.

Nilitoa simu pale pale, watu wakisikia, nikampigia kiongozi na kumwambia neno nililosema na nani alilitii. Kisha nikampigia kaka. Simu iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena.