Pazia la Mwalimu

Juzi nilifunga blaindi, yale mapazia ya vipande ya ofisini, kwenye ofisi moja Kibondo, kazi ambayo hakuna fundi wa kunifikia kutoka huku hadi Kasulu, na shule niliishia darasa la nne. Karani akaniambia kwa Kiingereza neno hilo maana yake ni kipofu, yaani mchunguliaji asione. Nikacheka, nikakumbuka utoto wangu kijijini Murungu.

Mwalimu mgeni alikuwa ametundika kitambaa dirishani. Madirisha yetu sisi yalikuwa ya mbao tupu, kwa hiyo niliposikia harufu ya mvua nikajua ni nguo iliyosahauliwa kuanuliwa. Nikaivuta kwa nguvu, waya ukang'oka.

Ndani, katika moshi wa pasi ya mkaa, mwalimu tuliyemwogopa shule nzima alisimama na chupi tu, akipiga pasi suruali yake. Akina mama waliotoka sokoni wakasimama.

"Wewe! Lete hapa!" akanguruma.

Nikajua kesho nitachapwa mpaka nikome. Nikampa kile kitambaa.

"Jifunge, mwalimu. Hakijalowa."

Akajifunga.

"Umependeza, mwalimu!" mama mmoja akapiga kelele.

Kesho yake alinichapa fimbo mbili tu, na ya pili hata haikufika, kwa jinsi alivyokuwa akicheka.