Sauti ya Mwalimu Klachi

Kwa miaka thelathini na mmoja alifundisha watu kuendesha gari, na wanafunzi wakambandika jina la Mwalimu Klachi, maana hakuna aliyeachia klachi vibaya akasalimika na ulimi wake. Alipostaafu, ugonjwa wa kusahau ukamnyemelea. Ulianza na miwani, ukahamia kwenye majina, mwisho ukagusa njia ya kurudi nyumbani. Matembezi yake ya asubuhi hakuyaacha, na bintiye, fundi cherehani anayeshonea sebuleni, hakuwa na moyo wa kumfungia mlango.

Binti akanunua kifaa cha kuvaa shingoni, kidogo kama kiberiti. Kilimwonyesha kwenye simu mahali alipo mzee, na mzee akiiacha njia, kilimwelekeza kwa sauti ya mwanamke mpole. Siku ya kwanza kilimwambia, "Tafadhali, geuka kulia." Mzee akageuka kushoto kwa makusudi. Binti alimkuta kwa kinyozi, amekalia kiti cha wateja, analalamika kwamba hajawahi kuelekezwa barabara na mtu asiyemwona, tena asiyejua hata kusema punguza mwendo.

Muuzaji wa kifaa akamweleza binti kwamba sauti inaweza kubadilishwa. Basi akamketisha baba yake mezani, akamwomba afundishe kama zamani huku simu ikimrekodi. Mzee akakohoa, akanyoosha mgongo, na maneno yakatoka bila kukwama hata moja. Pinda kushoto. Tazama nyuma kwanza. Simama! Unakimbilia wapi, nani anakusubiri?

Tangu hapo akawa mwanafunzi mtiifu. Kila kona alitazama nyuma, akanyoosha mkono kuonyesha anakoelekea, ndipo akapinda. Waliomfuata nyuma walijikuta wamepanga foleni bila kujua wanasubiri nini.

Wiki ya pili, karibu na soko, aliiacha njia yake akashika barabara ya malori. Kifaa kikanguruma: "Simama!" Mzee akasimama. Dereva wa lori aliyekuwa akipita taratibu, dirisha wazi, naye akakanyaga breki mpaka magunia ya vitunguu yakahama. Mzee ndiye aliyemfundisha, miaka ishirini iliyopita. Dereva akashuka, akamwamkia kwa adabu zote, akaapa kwamba kioo alikitazama.

Mzee hakumkumbuka hata chembe. Akaliangalia gurudumu la mbele, akatikisa kichwa.

"Umesimama mbali na ukingo. Rudia."

Dereva akapanda, akarudia. Nyuma yake honi zililia, lakini hakuthubutu kuondoka kabla ya kuruhusiwa.

Mchana ule, wakila, mzee alimweleza bintiye kwamba yule bwana wa kwenye kiberiti ni mkali kupita kiasi, ila njia anazijua. Binti akamuuliza kama anamfahamu.

Mzee akatafakari, kijiko kikining'inia mkononi. "Simjui, mwanangu. Lakini aliyemfundisha huyo hakuwa mtu wa mchezo."

Binti akarudi kwenye cherehani akicheka, akajifuta macho kwa kipande cha kitambaa cha mteja.